Kabati kavu la umeme na negativu za baba: masika mawili Mombasa

Kabati kavu, lile linalotumia umeme kutoa unyevu katika hewa iliyomo ndani yake, lipo chumbani kwa mama, Kibokoni, baina ya kitanda na kasha lake la nguo, mbali na ukuta unaopigwa na upepo wa bahari. Ni jeusi, mlango wake wa kioo, ufunguo wake mdogo kama wa sanduku la posta. Ujazo wake ni lita 50, na mtu akisimama kando yake linamfika gotini. Nililinunua Novemba 2023 katika duka moja la kamera hapa mjini kwa shilingi 21,500. Wateja wake hasa ni vijana wapiga picha za harusi, maana lenzi ikikaa Mombasa bila ulinzi huota koga ndani ya kioo chake. Mimi lenzi sina. Nililinunua kwa ajili ya negativu za marehemu baba, zile filamu zilizosafishwa ambazo picha huchapwa kutoka kwazo, na limeshapita masika mawili, ya 2024 na ya 2025, kwa hivyo naweza kulisema kwa haki.

Baba alikuwa na studio Mji wa Kale kuanzia 1964 hadi 1991. Chumba kimoja, pazia la nyuma limechorwa minazi na jahazi, taa mbili za kusimama, na nyuma ya ubao chumba cha giza kilichoenea mtu mmoja tu. Mchana zilikuwa picha za kipande na za paspoti. Siku za Idi zilikuwa familia nzima, watoto na kanzu mpya. Lakini kazi iliyowapa jina ilikuwa ya usiku wa harusi, na hiyo waliifanya wawili: mama ndiye aliyeingia ndani kwa wanawake na kamera, baba akikaa barazani na wanaume akingoja kupokea filamu. Baba alizisafisha peke yake, mlango umefungwa, na picha zikarudi kwa wenyewe mkononi mwa mama.

Mapatano yalikuwa ya mdomo. Picha mtachukua, negativu zitakaa kwetu, na hapana jicho jingine litakaloziona. Watu wakaamini. Humo ndani mna mabibi harusi wenye piko mikononi na asumini kichwani, mna mashangazi za watu wanaocheza, mna wasichana ambao leo ni bibi za watu na hawajapata kutoka nje bila buibui. Ndiyo sababu kila nilipoambiwa nizipeleke mahali pa kuhifadhiwa, nje ya mji au nje ya nchi, sikuweza. Hii ni amana, na amana huwekwa na aliyepewa. Ilinibidi nijifunze kuziweka mwenyewe, nyumbani, katika hewa hii hii yetu.

Mwaka 2017 nilifanya kosa ambalo limebaki nami. Nilifungua mkebe wa biskuti, mmoja katika mikebe 14, nikakuta filamu zimeota koga nyeupe kama zilizonyunyiziwa unga. Nilikuwa nimemwona baba akiosha filamu kwa maji tangu nikiwa mtoto, basi nikachukua kipande kimoja nikakiweka chini ya bomba. Filamu mpya huvumilia maji. Iliyoliwa na koga haivumilii, kwa sababu koga hula jelatini, ule utando mwembamba unaobeba picha, na jelatini iliyoliwa huwa kitu cha kuyeyuka. Uso wa bibi harusi uliteleza ukashuka na maji. Mkononi nilibaki na plastiki tupu. Harusi hiyo ilikuwa ya 1969. Mama hakunigombeza. Aliniuliza namba ya bahasha, akafungua daftari la studio, akaipiga mstari.

Kwa hivyo la kwanza, kabla hata ya kabati: koga kavu hupanguswa kwa brashi laini sana, nje au dirishani, umejifunika pua na mdomo, na ikiwa bado ni mbichi na inanata, iache ikauke kwanza mahali penye hewa kavu. Maji usiyaguse.

Baada ya hapo nilijaribu mambo mawili yaliyoshindwa, nayo nayaeleza kwa sababu najua majumbani mwa watu ndiyo yanayofanywa.

La kwanza ni zile kurasa za plastiki zenye mifuko, zinazouzwa maduka ya vifaa vya ofisi. Zilikuwa laini, zinang'aa, zina ile harufu ya pazia jipya la bafu. Harufu hiyo ni ya PVC, na PVC ndiyo plastiki isiyofaa kabisa kugusana na filamu, kwa kuwa hutoa mvuke wa asidi na mafuta yake hutoka polepole yakaingia kwenye picha. Masika moja tu ilitosha. Filamu zilishikana na plastiki, na nilipozibandua upande wa dawa, wenye ile jelatini, ukabaki na mabaka yanayong'aa kama mate ya konokono. Hayatoki. Bahasha za asili za baba nazo, zile za karatasi nyembamba inayopitisha mwanga ambazo wapiga picha wa zamani wote walizitumia, hazikuwa bora zaidi: zikilowa unyevu huganda juu ya filamu, na gundi ya mshono wa katikati huacha mstari wa rangi ya chai katikati ya picha.

La pili ni mkebe usiopitisha hewa pamoja na silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu. Hili si baya, na mwenye mkebe mmoja tu aanze nalo. Chagua chembe za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikijaa maji, si zile za buluu zinazogeuka waridi, kwa sababu za buluu zina kemikali ya kobalti ambayo vumbi lake si zuri kwa mtu. Zikijaa, unaziweka katika ovena yenye joto la kama nyuzi 120 kwa saa mbili tatu, zinarudi kazini. Mimi nilishindwa na idadi tu. Mikebe 14, na Mei kila baada ya siku kumi chembe zote zimegeuka rangi, na kila unapofungua mkebe hewa ya Mombasa inaingia tena. Niliumwa wiki mbili mwaka 2022 na hapana aliyezibadilisha. Koga ikarudi.

Ndipo nikanunua kabati.

Tuseme kwanza linapigana na nini. Koga huota kwenye jelatini pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 na kukaa hapo. Chumbani kwa mama, Mei 2024, kipima unyevu changu kilisoma 82 alfajiri na 76 mchana. Hata wakati wa kaskazi, Januari, jua limekaza na watu wanasema kumekauka, sijapata kukiona kikishuka chini ya 66 usiku. Maana yake ni kwamba Mombasa hatuna msimu ambao negativu zimesalimika zenyewe. Kinachotakiwa kwa filamu ni baina ya asilimia 30 na 50. Chini ya hapo nako si kuzuri, hukakamaa ikajikunja.

Kabati langu ni la aina yenye dawa ya kunyonya unyevu. Ndani, kwenye ukuta wa nyuma, kuna kisanduku chenye dawa hiyo na vilango viwili. Kilango cha ndani kikiwa wazi dawa hunyonya maji ya hewa ya kabatini. Baada ya muda hicho hufungwa, cha nje hufunguka, kipasha moto cha umeme huipasha dawa na mvuke hutolewa nje nyuma ya kabati. Halafu inaanza upya. Hakuna maji ya kumwaga, hakuna chembe za kuoka. Iko aina nyingine inayotumia kibao cha baridi ili unyevu ugande pale na kutolewa nje. Hiyo huacha kufanya kazi mara tu umeme ukikatika. Sisi wa huku tunaozoea stima kupotea, nashauri mtu aulize dukani hasa ni aina gani kabla ya kulipa. Muuzaji wangu hakujua, ikabidi tugeuze kabati tuangalie mgongo wake pamoja.

Nilipoweka negativu za kwanza nilidhani limeharibika. Lilikuwa tupu na mshale wa kipimo chake cha unyevu uko 40. Nikalijaza mabunda ya bahasha, likapanda hadi 71 na halikushuka siku hiyo. Lilichukua siku tano. Karatasi yenyewe hubeba maji mengi, na kabati huyatoa polepole, na ni vizuri yatoke polepole kwa sababu filamu iliyokaukiwa ghafla hupinda. Usilijaze lote siku moja. Weka mkebe mmoja, subiri wiki, weka mwingine.

Baada ya hapo limekaa baina ya 40 na 45 mwaka mzima. Kila Jumamosi ninaandika daftarini. Aprili 2024 stima ilipotea tangu magharibi hadi siku ya pili adhuhuri, mvua inanyesha. Mlango haukufunguliwa, na mshale ulipanda kutoka 42 hadi 47, basi. Kwa hilo pekee ningelinunua tena. Tokeni za stima sikuona zikiisha haraka kuliko kawaida, na halina sauti. Mama analala kando yake.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni kipimo chake chenyewe, ile saa ndogo mlangoni. Nilikipima kwa njia ya chumvi: unaweka chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, unatia matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito lakini isiyeyuke, unakifunga pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko usiopitisha hewa, unauacha usiku kucha. Humo hewa hufika asilimia 75, kila mara. Cha kwangu cha kidijitali, nilichonunua kando na kabati, kilisoma 74. Cha kabati, nilipokichomoa, kilisoma 67. Kwa hivyo kabati likikuambia 43, huenda kweli ni 50. Kwa mtu aliyetega 55 akidhani yuko salama, kosa hilo linaweza kumgharimu picha. Nunua kipima chako, kiweke ndani, amini hicho.

Ya pili ni sponji. Rafu zake zilikuja na sponji nyeusi yenye mashimo ya kulaza lenzi. Sponji za namna hiyo huchakaa, zikawa unga unaonata, na zinapochakaa hutoa mvuke usiofaa filamu. Nilizitoa zote, nikalaza visanduku vya kadibodi isiyo na asidi, bahasha zimesimama kwa ubavu kama kadi za maktaba. Taa ya ndani nimeizima tangu siku ya kwanza.

Na kioo. Mlango wa kioo unafaa duka, haufai nyumba yetu. Mama alilitazama kabati siku ile ile likifunguliwa, akaenda kasha lake, akarudi na leso akalifunika. Nikamwambia mama, ziko ndani ya bahasha, hazionekani. Akanijibu, "Wenyewe humo ndani hawakuvaa buibui." Leso haijatoka. Inazuia mwanga pia, ambao kwa picha za rangi ni adui wa kweli, lakini mama hakuiweka kwa sababu hiyo, nami sikumwongezea neno.

Kasoro kubwa kuliko zote si ya kiwandani, ni ya maumbile ya kitu chenyewe: kabati hukausha, halipozi. Chumba kikiwa na nyuzi 31, ndani ni 31. Na filamu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ni za asetati, aina ya plastiki ambayo huoza kwa joto na unyevu kwa pamoja, ikitoa asidi ile ile ya siki. Mkebe mmoja wa 1966 nilipoufungua ulinuka kama chupa ya achari. Ubaya wa uozo huo ni kwamba ukishaanza hujiendesha. Asidi inayotoka huharakisha kutoka kwa nyingine, na huambukiza filamu isiyooza iliyo jirani. Taasisi ya Image Permanence Institute iliyoko Rochester, Marekani, inayochunguza uhifadhi wa picha, ilikadiria kwamba asetati mpya ikiwekwa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 hukaa karibu miaka 40 kabla uozo huo haujaanza. Nyuzi 21! Hizo hapa si za chumba cha kulala, ni za kiyoyozi. Sasa fikiria filamu iliyokaa Mji wa Kale tangu 1966.

Kwa hiyo usitie filamu yenye harufu ya siki katika kabati pamoja na nzima. Kabati limefungwa kikiki, mvuke hauna pa kwenda, utakuwa umeziozesha zote kwa mkono wako. Nilifanya ukaguzi kwanza. Taasisi hiyo hutengeneza vijikaratasi vinavyoitwa A-D Strips: unakiweka kimoja ndani ya mkebe, unafunga siku moja, kikibaki buluu ni salama, kikiwa kijani uozo umeanza, kikiwa njano umekwenda mbali. Mikebe yangu 14 ilitoa tisa buluu, minne kijani, mmoja njano. Niliagiza kupitia mtoto wa shangazi anayeishi Leicester. Asiyeweza kuvipata atumie pua yake, ila pua huchelewa.

Hiyo mitano ya kijani na njano iko kwenye friza. Mama alihamisha tui na samaki wake akaniachia droo ya chini. Bahasha nilizikausha kwanza kwa silika jeli wiki mbili ndani ya mkebe wake peke yake, nikazitia katika kisanduku cha kadibodi, kisanduku nikakifunga katika mfuko mzito wa zipu, na huo ndani ya mfuko mwingine, kukiwa na kadi ya kuonyesha unyevu baina ya mifuko miwili. Zikitolewa, mfuko haufunguliwi mpaka siku ya pili, zipate joto la chumba; ukifungua mapema hewa yetu itageuka maji juu ya filamu papo hapo, kama glasi ya maji ya barafu. Baridi haiponyi kilichooza, ila inakisimamisha karibu kabisa.

Kabla ya yote hayo niliangalia kingo za filamu moja moja. Za baba zote zimeandikwa SAFETY. Mwenye filamu za zamani zaidi, za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na baada yake kidogo, azisome vizuri, kwa maana zikiandikwa NITRATE ni jambo jingine. Kodak iliacha kutengeneza filamu za nitrati mwaka 1951, na hizo zikioza zinaweza kushika moto wenyewe, tena moto unaowaka hata chini ya maji. Hizo haziingii kabatini wala hazikai chumba cha kulala.

Nije kwenye bahasha, kwa sababu hapa nakosana kidogo na wanaoandika kutoka nchi za baridi. Wao husifu mifuko ya poliesta au polipropilini, na ni kweli plastiki hizo hazina asidi na unaona picha bila kuigusa. Lakini plastiki ni laini, na hewa ikilowa jelatini hujibandika kwenye kitu laini. Mwambao huu, nje ya kabati, karatasi ndiyo ya kutumiwa: bahasha ya mikunjo minne, isiyo na gundi, isiyo na asidi, iliyofaulu kile kipimo cha picha kinachotambuliwa kwa namba ISO 18916. Inapumua. Negativu inalazwa katikati, mikunjo inafungwa moja baada ya nyingine, haikwaruzwi kwa kuvutwa. Siku hizi nakata mwenyewe, karatasi moja kubwa inatoa sita. Namba naandika kwa penseli kabla ya kuweka filamu ndani, namba zile zile za daftari la baba. Mipira ya kufungia pesa, selotepu na vibanio vya chuma nimevitupa vyote. Polipropilini naitumia kwa zile chache tunazozitoa mara kwa mara, na hizo hazitoki kabatini zaidi ya saa moja.

Kwa kabati lenyewe, basi, nampa aliyelitengeneza pongezi zake: kwa kuzuia koga halina mfano katika vyote nilivyojaribu, na tangu Novemba 2023 sijaona hata doa moja jipya. Kwa filamu iliyoanza kunuka siki si dawa. Ukubwa nilikosea. Lita 50 zilijaa katika miezi saba, na mikebe mitatu ingali kwenye silika jeli ikingoja. Ningeanza upya ningenunua la lita 80 hata kama ningekopa. Lilikuja na funguo mbili. Moja mama huifunga kwenye ncha ya leso aliyojifunga. Ya pili, baada ya masika ya 2025, ameniambia nimpe binti yangu, na amemkalisha siku tatu na daftari amweleze nani ni nani.